Daktari Aliyesema Samahani

Mimi hapa, tapeli wa kunitapeli hajazaliwa, na kama amezaliwa basi bado ananyonya. Sisemi hivi kwa kujisifu, natoa taarifa tu. Simu ikiita, kabla mtu hajamaliza kusema haloo, nimeshajua ni mtu wa kweli au wa kughushi, amekaa au amesimama, na kama amekula au bado. Pua hii nilizaliwa nayo, kidato cha nne kikaja kuinoa. Matokeo yenyewe ya kidato cha nne tusiyazungumzie, yapo kwenye uhakiki.

Kwa kweli nchini kwetu kila kitu kipo kwenye uhakiki, hata jina la nchi. Zilivuma tetesi kwamba kuna nchi nyingine mahali fulani inajifanya sisi, jina likachukuliwa kwenda wizarani kuhakikiwa, na mpaka leo halijarudi. Ndiyo maana nasema "nchini kwetu" tu. Mwanzoni ilituuma. Baadaye tukachoka, na mtu aliyechoka ni rahisi sana kumtawala, hata jina hakuulizi.

Shida yetu kubwa ni watu wa kujifanya. Mtu anaamka asubuhi, anavaa suti ya kaunda, anabana faili kwapani, tayari ni serikali. Wilayani kwetu alifika mmoja akasema ndiye Mkuu wa Wilaya mpya. Tukampokea. Akafanya kazi kiangazi chote. Daraja la sokoni likajengwa, kisima kikafukuliwa, wauguzi wakalipwa, ofisi ikawa inafunguliwa kabla ya jua kali. Watu wakaanza kunong'onezana kwamba kuna kitu hakiko sawa. Siku moja aliitisha mkutano na akafika saa ileile aliyoandika kwenye tangazo. Wazee wakatazamana. Askari mmoja mzoefu akamsogelea, akamuuliza swali, na yule bwana akalijibu swali lilelile aliloulizwa. Basi, pingu.

Tulimsindikiza mpaka gerezani tukilia. Mkuu wa Wilaya halisi alitarajiwa asubuhi, akapita jioni bila kushusha kioo cha gari, vumbi likatuingia mpaka kooni. Tukakohoa, tukafuta macho, tukasema: ndiye.

*

Kutokana na aibu hiyo, serikali iliunda Wizara ya Uhalisi. Waziri wake, Mheshimiwa Balozi Daktari Mhandisi Lugongwe, alikuja kuizindua uwanjani kwetu. Tulipangwa juani tangu alfajiri ili tuwe na hamu naye.

"Ndugu wananchi," alinguruma alipofika, "mnaniuliza mtamtambuaje mtumishi wetu halisi. Mtamtambua kwa kuwa hana muda na nyinyi!"

Makofi.

"Mtumishi halisi haitikii salamu! Mtumishi halisi anakupigia simu yeye, halafu anakuuliza wewe nani!"

Makofi, na vigelegele kutoka kwa akina mama waliopewa kanga.

"Lakini ukisikia mtu anakuita mzee wangu, anakuita mama yangu, anakuomba samahani, kimbia! Huyo anataka kukuibia. Serikali yenu haijawahi kumwomba mtu samahani tangu iundwe, na kwa uwezo wa Mungu haitaanza leo!"

Hapo tulisimama wote. Ilikuwa mara ya kwanza waziri kusema kitu ambacho kila mmoja wetu angeweza kukitolea ushahidi.

Wizara ikaanza kazi kwa kishindo. Ilimpigia simu kila raia na kumtaka ataje namba yake ya siri, ili ijulikane kama ana tabia ya kutaja namba yake ya siri. Waliotaja walipelekwa semina kwa uzembe. Waliokataa walipelekwa semina kwa ukaidi. Semina ilikuwa ileile, ila wakaidi walikaa nyuma.

*

Sasa niwaambie kuhusu bibi yangu, maana yote haya yalimwangukia yeye.

Bibi Mwatime ndiye aliyenilea. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto limeshafunga duka, la kulia linafungua kwa kubahatisha. Chai anaitia chumvi, sufuria anaishika upande wa moto, vidole vyake vimejaa makovu. Juzijuzi alilisalimia koti langu lililotundikwa msumarini, akasubiri, halafu akalikemea kwa kukosa adabu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Akasema, "Chande, nisipopata huyo daktari safari hii, nitakufa nikiwa naamkiana na nguo."

Daktari mwenyewe huja na gari la macho. Linafika, linapasua watu siku chache, linaondoka, na haijulikani litarudi lini. Ili kumfikia lazima uwe kwenye foleni, na foleni zetu nazo zina mambo yake. Hupangi mstari. Unapewa namba ya siri, inakaa kwenye simu, na mwenye namba ndiye mwenye zamu. Ukimtajia mtu namba, umempa zamu yako. Bibi alisubiri foleni hiyo tangu enzi za waziri aliyepita, yule aliyetuahidi kwamba upofu utakwisha kwa amri.

Simu ya bibi naishika mimi, kwa kuwa yeye haoni vitufe. Ikaita asubuhi moja nikiwa napepeta mchele.

"Haloo, habari za asubuhi," ikasema sauti ya mwanamume. "Samahani kwa kuwasumbua."

Nikaweka ungo chini.

"Umesemaje?"

"Nimesema samahani kwa kuwasumbua. Naitwa Daktari Pendaeli, wa gari la macho. Hapo ni nyumbani kwa Bibi Mwatime?"

"Unaongea na mjukuu wake. Wewe ni daktari wa serikali?"

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Ndugu yako! Tulinyonya wapi pamoja mimi na wewe?"

Akacheka. Daktari wa serikali, kazini, akacheka, tena kicheko kizuri cha mtu aliyelala vizuri. Nywele zikanisimama.

"Zamu ya bibi imefika," akaendelea. "Mlete Alhamisi asubuhi, uwanja wa hospitali ya wilaya. Hakuna malipo. Nitakuwepo mwenyewe."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Asubuhi?"

"Asubuhi na mapema. Aje na kanga ya kujifunika, pale kuna ubaridi. Na akiwa na wasiwasi wowote anipigie tu, namba yangu ndiyo hii."

Nikaona inatosha.

"Sikiliza wewe tapeli. Kazi yenyewe hujaijua. Daktari gani anatoa namba yake? Daktari gani anajali ubaridi? Mbona hata hujaniuliza mimi nani? Nenda kajifunze kwanza, ndiyo uje mjini!"

"Samahani kama nimekukwaza..."

"Ameirudia! Bibi, ameirudia!"

Bibi alikuwa kizingitini akiota jua. "Mbona huyo anaongea kama mtu tu," akasema.

"Hiyo ndiyo shida, bibi."

Nikamkatia, nikaifungia namba yake, nikapiga wizarani. Wizarani walinisubirisha mpaka sikio likapata moto, kisha mama mmoja akanifokea kwa kupiga, nikajisikia niko kwenye mikono salama. Nikatoa taarifa yote. Jioni ileile nikatangazwa Raia Macho wa kata yetu. Nikaahidiwa kwamba kesi ikisimama na tapeli akifungwa, nitaajiriwa kufundisha kwenye semina. Ajira! Tangu nimalize shule, kazi pekee niliyowahi kupewa ni kushikilia ngazi ya fundi asidondoke. Akadondoka.

*

Keshoye ndipo balaa likaingia, na hapa naomba tuelewane: mimi sikuwepo. Nilikwenda kununua mkaa. Simu ya bibi niliiacha juu ya meza, ikaita, ikapokelewa na jirani yetu Mzee Gwakisa, fundi redio, mtu mwema lakini wa kizamani, asiyejua mambo ya mitandao.

"Wewe nani?" likauliza dume la sauti.

"Mimi... lakini si mmenipigia nyinyi, mheshimiwa?"

"Nakuuliza wewe nani, unaniuliza mimi! Nyumba hiyo hamna masikio? Nina watu wa maana wananisubiri hapa. Kuna kikongwe cha macho hapo?"

"Kipo, mheshimiwa."

"Namba yake ya siri ya foleni. Haraka, nafunga ofisi."

"Mheshimiwa, si mlisema tusimtajie mtu..."

"Nakata."

"Usikate! Usikate, mheshimiwa, naisoma!"

Maskini Gwakisa. Alisimama wima, kiti kikaanguka nyuma yake. Akafunga kifungo cha juu cha shati. Kifua kilimjaa, maana baada ya samahani zile za siku iliyopita, hatimaye alikuwa anasikia sauti ya serikali yake yenyewe, ile aliyokua nayo. Akaisoma namba yote. Akairudia mara ya pili bila kuombwa. Akasema asante sana mheshimiwa, na akaendelea kusema asante hata baada ya simu kukatwa.

Mtauliza nimeyajuaje haya yote wakati nilikuwa kwenye mkaa. Nilihadithiwa. Gwakisa anajua sana kuhadithia.

Kabla ya magharibi ujumbe ukaingia: zamu ya Bibi Mwatime imehamia kwa shemeji wa diwani, mtu ambaye macho yake ni mazima kiasi kwamba huona mpaka vitu vya jirani na kuvitamani. Nasikia alitaka tu kupimwa ili apate miwani ya kuonekana msomi.

Nilimsomea bibi. Hakupiga kelele. Kumbe alikuwa ameshatoa kanga yake nzito, ameiweka mapajani tangu asubuhi. Akaikunja, akapapasa sanduku lilipo, akairudisha.

"Haya," akasema.

Nikamwambia, "Bibi, huyu Gwakisa lazima ashitakiwe."

Akalifunga sanduku.

*

Alhamisi kesi ikasikilizwa papo hapo kwenye uwanja wa hospitali, chini ya turubai, hatua chache kutoka gari la macho. Daktari Pendaeli alikuwa amekamatwa kirahisi sana, alfajiri, pale pale alipokuwa amesema atakuwepo. Wagonjwa wake walikuwa kwenye mabenchi, wamejitanda, wameelekeza nyuso upande zilikotoka kelele. Dereva wa gari alishasema kwamba daktari akifungwa yeye anawasha injini anarudi makao makuu, na wagonjwa wajue la kufanya na macho yao.

Bibi alikuja. Sikumleta mimi, niliamka nikakuta ameshatoka, kashikwa mkono na Gwakisa. Kanga nzito begani.

Mwenyekiti wa Baraza la Uhalisi, mama mnene aliyechoka kuliko sisi sote, alifika mchana. Tukajua kesi itakuwa ya haki.

"Mshitakiwa," akasema huku akitafuna karanga, "unadai wewe ni daktari wa serikali. Una ushahidi?"

"Ninacho kitambulisho, mheshimiwa, na vyeti vyangu vyote. Na samahani, meza hii inayumba, niiwekee kitu mguuni?"

Uwanja ukaguna.

"Vyeti hata mimi ninavyo," mwenyekiti akasema. "Leo ulifika saa ngapi?"

"Mapema, mheshimiwa. Wagonjwa walikuwa wananisubiri."

"Anajimaliza mwenyewe," akanong'ona karani.

Aliitwa Mganga Mkuu wa hospitali aje amtambue. Akaja, akamtazama daktari aliyefanya naye kazi miaka na miaka, akasema, "Njooni kesho," akaondoka. Baraza likaandika kwamba Mganga Mkuu ni halisi.

"Nakupa nafasi ya mwisho," mwenyekiti akamwambia mshitakiwa. "Nifokee."

"Siwezi, mama."

"Nibeue basi. Nitazame juu mpaka chini."

Daktari akajaribu. Naapa alijaribu. Alikunja uso, akanyanyua kidevu, akafika nusu, kisha macho yake yakatua kwenye benchi la wagonjwa, akauliza, "Wale wamekunywa hata maji?"

Askari aliyemshika alikaribia kulia. "Jikaze, daktari," akamwambia chini chini. "Hata kunisonya mimi tu, sitakasirika."

"Jamani," daktari akasema, na sasa naye alionekana amechoka, "mimi nilimwomba bibi aje nimtibu. Sikumwomba namba yoyote. Tapeli si yule anayeomba? Kinachotoka mdomoni ni sauti tu, mtu yeyote anaweza kuigiza. Angalieni anachotaka."

Hakuna aliyemsikiliza. Hoja zenye maana nchini kwetu hupita kama ambulansi: watu wanaipisha, kisha wanaendelea na safari zao.

Nikaitwa mimi. Nilikuwa nimevaa shati la kukopa na kunyoa ndevu ambazo hazijaota vizuri. Nikaieleza ile simu yote, nikaigiza mpaka kicheko chake, uwanja ukashangilia. Mwenyekiti akaacha karanga.

"Kijana una kipaji. Sasa kuna swali moja la kanuni, lazima niulize. Mlalamikaji aliyewahi kutapeliwa hana uwezo wa kumtambua tapeli, na malalamiko yake ni batili. Wewe umewahi kutapeliwa?"

"Mimi? Mheshimiwa! Wa kunitapeli mimi hajazaliwa."

"Hapa naona zamu ya nyumba yenu ilihamishwa kwa namba ya siri. Nani aliitaja?"

Nilimtazama Gwakisa aliyekuwa kasimama nyuma ya bibi. Anatabasamu, maskini, hajui anaulizwa nani.

"Ni jirani yetu, mheshimiwa, Mzee Gwakisa. Mimi nilikwenda kwenye mkaa."

"Mimi?" Gwakisa akasema. "Mimi fundi redio?"

"Kuna aliyesikia?" mwenyekiti akauliza, tayari kalamu iko juu ya karatasi.

"Nipo mimi," ikasema sauti kutoka kwenye benchi la wagonjwa.

Bibi akasimama. Hakuelekea kwa mwenyekiti. Alielekea turubai lilipokuwa linapigwa na upepo, askari akamgeuza taratibu.

"Mimi sioni, mheshimiwa, lakini sijafa. Siku hiyo Gwakisa alikuwa na mimi uani tunacheza karata. Nazipapasa, nimeziwekea alama za kucha. Alikuwa ananiibia."

"Bibi Mwatime, jamani! Mbele za watu?"

"Nyamaza, Gwakisa, nakuokoa. Anadhani nisipoona basi sisikii karata ikitoka kwenye mkono wa shati. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Simu iliitia ndani, kwenye meza ya dirishani, na aliyepokea ni huyu mjukuu wangu."

"Bibi," nikasema, "mimi nilikuwa kwenye mka..."

"Mkaa ulikuwa umejaa gunia. Nilisikia kiti kikianguka ulivyosimama. Nikasikia mtu anakuuliza kama kuna kikongwe cha macho." Akaigeukia sauti yangu. "Ukasema, kipo. Kipo, mheshimiwa. Na nilikulea mimi, Chande."

Nikajikuta nafungua kifungo cha juu cha lile shati la kukopa.  

Mwenyekiti aligonga meza, meza ikayumba. "Mlalamikaji ametapeliwa. Malalamiko ni batili. Ieleweke kwamba baraza halijasema mshitakiwa ni halisi. Limesema tu kwamba hana mtu wa kumlalamikia. Mfungueni, nina njaa."

Pingu zikafunguliwa. Daktari hakusugua hata vifundo vya mikono. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi.

"Bibi, samahani sana kwa usumbufu."

Watu wa karibu walirudi nyuma kwa mazoea.

"Usumbufu si wako, mwanangu," bibi akasema. "Ila zamu sinayo tena. Ina mwenyewe, shemeji wa diwani."

Daktari akatazama mabenchi, akatazama barabara. "Yule ni mtu mkubwa," akasema. "Hajafika. Na gari linaondoka jioni. Tuingie."

Akamshika mkono. Wakapita mbele yangu, kanga ikanigusa. Nilibana pumzi nikidhani hatajua nilipo. Akasimama palepale.

"Chande."

"Naam, bibi."

"Usiondoke hapo. Nikitoka nataka nikutazame."

"Bibi," daktari akasema kwa upole wake uleule, "bandeji hatuitoi leo. Mpaka kesho, na wauguzi wa hapa."

"Basi atasimama mpaka kesho."